Hawakumpima Ndeshi

Nakumbuka asubuhi ile wataalamu walipofika kwetu Kibosho, gari lao limejaa matope hadi kwenye vioo. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule, nakaa kwa dada yangu Ndeshi na mumewe. Walikuja kuchunguza kama dawa ya kupiga kwenye kahawa inadhuru watu.

Mwanangu, kahawa ilikuwa mali ya wanaume, basi waliitwa wanaume. Shemeji yangu akatolewa damu, akaulizwa kama anaumwa. Akasema yu mzima, na kweli alikuwa mzima. Bomba la kupigia dawa hakuwa akilibeba yeye. Aliyekoroga dawa na kuipiga shamba zima, mgongo umelowa, alikuwa Ndeshi, na mimba zilikuwa zikimtoka moja baada ya nyingine.

Ndeshi alimsogelea mkubwa wa wale wataalamu. "Shikamoo, daktari. Dawa hiyo naipiga mimi. Nipimeni na mimi."

"Marahaba, mama. Sisi tunapima wakulima tu."

"Na mimi ni nani?"

Shemeji akamwambia kwa Kichagga aende akawachemshie wageni chai. Akaenda.

Baadaye tukatangaziwa mkutanoni kwamba dawa haina madhara. Tulikuja kusikia kuwa safari ile ililipiwa na wauzaji wa dawa yenyewe. Tangu hapo Ndeshi hakuwa na pa kushtaki. Zahanati walimjibu kuwa jambo hilo limeshachunguzwa. Mama mkwe wake akasema ana mkosi. Shemeji akaoa mwingine, na yule bibi harusi naye akakabidhiwa bomba.

Dada yangu alirudi kwa mama yetu, akafa kabla ya kuzeeka, bila mtoto, akiamini kosa ni la mwili wake. Sijui kama ni dawa iliyomwangamiza. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyetaka kujua, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa wewe unasomea udaktari hapo mjini Moshi. Mwanangu, ukisoma kwamba kitu fulani hakina madhara, uliza nani alipimwa, nani aliachwa nje, na nani alilipia. Mgonjwa akikuambia anaumwa na kitabu kikisema haiwezekani, anza na mgonjwa. Vitabu huandikwa na watu, na watu wana matajiri wao.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa cheo, na wanawake utakaowatibu wazeeke.