Jina Ambalo Kukhu Hakulitaja

Nilikuwa bado mtoto, meno ya mbele yameng'oka, mama alipojifungua mdogo wangu wa kike huko Kwanza, kwenye shamba la mzungu ambako baba alilima kwa ng'ombe. Mtoto alizaliwa mzima, lakini alikataa titi na kulia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili mama naye akaanza kulia.

Kwetu Wabukusu, mtoto wa namna hiyo anadai jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa, kwa hiyo mnawataja mmoja mmoja, na akitajwa mwenyewe mtoto hunyamaza na kunyonya. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Matulo kumtunza mama. Akaanza kuita. Aliwaita wa upande wa baba wote, hata babu mmoja mlevi ambaye hakuna aliyemtamani arudi. Akawamaliza na wa upande wa mama. Mtoto alikuwa sasa analia bila machozi, nami niliogopa kweli.

"Na watu wa kukhu?" nikauliza. Sikujua kufunga mdomo. Kukhu ni bibi, mama yao baba na shangazi, na alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Si nimewaita, bana? Wale wa Matulo," shangazi akanijibu kwa ukali.

"Wale walinilea tu," kukhu akasema, bila kuinua macho. "Mimi ni wa mlimani Elgon. Wakati wa njaa mama yangu alinileta kwao, akapewa wimbi, akarudi na wimbi. Nilikuwa kama huyu." Akaninyooshea kidole. "Jina la mama sijalitaja tangu siku hiyo."

Shangazi akamgeukia. Mtu mzima na watoto wake, ndiyo kwanza anasikia mama yake alitoka wapi.

"Litaje, mama," akasema taratibu. "Mtoto anatutoka."

Kukhu akainua macho. "Cherop."

"Chelopu!" shangazi akaita. "Chelopu, njoo unyonye!" Mtoto akazidi kulia.

"Ati Chelopu! Huyo ni nani?" kukhu akafoka. Akaisukuma mboga kando, akampakata mtoto, akamwinamia sikioni. "Cherop," akasema, na ile "r" ya katikati ikatetema kwenye ulimi wake kama ya mtu mwingine kabisa.

Mtoto akakwama katikati ya kilio. Mama akampokea, na akanyonya.

Wanangu huniambia mtoto alichoka tu. Huenda. Nimekwenda mlimani mara kadhaa kuulizia ukoo wa Cherop, na sijapata wa kunijibu, ingawa bado nina hamu ile ile ya kujua. Ninalolijua ni hili moja, kwa kuwa nililiona mwenyewe: mtoto alishashiba akalala, nyumba ikatulia, na kukhu alikuwa bado amesimama nje, ameelekea mlimani, akiita.