Baraza Niliyoivunja kwa Kalamu

Ndugu zangu, kosa ni langu, na nshachoka kulibeba. Nyumbani hakuna anayelijua, hata mke wangu.

Nafanya kazi katika jengo la serikali Mji Mkongwe, upande unaotazama Ng'ambo. Ni la zamani: kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti, na nje, kando ya mlango chini ya madirisha, baraza ya mawe ya kukalia. Kila asubuhi wazee saba walikaa hapo na kahawa yao. Mmoja ni baba mkwe wangu, aliyekuwa tarishi wa ofisi hiyo hiyo mpaka akastaafu.

Mimi ni mchelewaji. Sasa fikiria, umechelewa saa nzima, unataka kuingia kimya kimya, na mlangoni wapo wazee saba. Utawapita bila shikamoo? Basi nasimama, shikamoo mmoja mmoja, marahaba, watoto hawajambo, na huku mwengine anatazama saa yake. Baba mkwe huinamisha kichwa. Niliona aibu, na ile aibu ikageuka chuki.

Mkubwa wetu alipotaka pahala pale pa barazani awe anaegesha gari, niliambiwa niandike kama baraza ni ya asili au imeongezwa baadaye. Ya asili haivunjwi. Jibu nililijua. Baba mkwe alishanionesha vile mawe yake yalivyoingia ukutani. "Hii na ukuta ni kitu kimoja, mwanangu," aliniambia. "Ndiyo inayozuia maji ya mvua yasile msingi."

Nikaandika: imeongezwa baadaye.

Mafundi walivunja siku tatu. Kila jiwe walilong'oa lilitoka na kipande cha ukuta. Nilikuwa dirishani nnatazama.

Wazee wakatawanyika. Mmoja kahamia kwa mwanawe Uroa, wengine sijui waliko. Baba mkwe yuko kwake Ng'ambo. Kila asubuhi anavaa kanzu na kofia, halafu anakaa kitandani. Mke wangu analia akimuona, nami namwambia ni uzee tu.

Mwezi uliopita mzee akaniita. "Wewe umesoma. Tuandikie barua serikalini waturejeshee baraza yetu. Waambie nimelitumikia jengo lile tangu kijana."

Akasema, nikaandika, akatia saini. Barua ikazunguka ofisi kwa ofisi, mwisho ikaletwa mezani kwangu, maana mambo ya jengo nnashughulikia mimi. Juu yake mkubwa kaandika: mjibu mzee huyu.

Kila Ijumaa tukitoka msikitini ananiuliza, "Wameshajibu?"

"Bado, baba."

"Hapana neno. Maadamu wewe umo mle ndani, najua haitapotea."

Wenzangu mnaokaa maofisini, uongo wa mstari mmoja msiuone mdogo. Ipo siku yule uliyemuumiza atakuja kwako akuombe umtetee, kwa sababu hana mwengine anayemuamini. Barua yake nimeifungia kwenye mtoto wa meza yangu. Sijaijibu, na leo tena ni Ijumaa.