Mnara Wangu Ulipopinda Kama Ndizi

Cheka tu, msomaji, mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Musoma. Tangu serikali ifungulie biashara huria na vyuma virudi madukani, nilikuwaga najisifu kwamba kazi yangu haianguki. Juzi nilimaliza mnara wa tangi la maji msikitini Kitaji. Tangi likajazwa, lakini wazee wakataka uhakika, ndipo nikaenda kwa injinia Bhoke.

Bhoke aliuchora mnara kwenye kompyuta yake mpya, akaugawa vipande vidogo vidogo kama wavu, akaubebesha maji ya hesabu. Halikumwagika hata tone! Nilibaki mdomo wazi.

Alipotoka kidogo, picha kwenye kompyuta ikabadilika. Miguu ya mnara ilikuwa imepinda kama ndizi, na kiungo kimoja chekundu kama kaa la moto. Nilirukia baiskeli mbio hadi msikitini.

"Tokeni! Mnara unaanguka!"

Watu waliacha kutawadha, wakakimbia peku.

Bhoke akanifuata, anahema. "Fundi, kompyuta inakuza huo mpindo makusudi ili jicho lione! Wenyewe hauzidi unene wa ukucha. Pale pekundu ndipo panapobeba zaidi, na panatosha kabisa. Umejenga vizuri sana." Akapanda ngazi hadi juu, akaligonga tangi.

"Panda na wewe, fundi," akasema imamu, "ili watu warudi."

Nikapanda. Nilipofika katikati, imamu akaniuliza mbele ya wote mbona nimevua viatu.

"Nisiuzidishie uzito," nikajibu.