Nilisifiwa kwa Mwanga wa Birika

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Naandika bila jina kwa sababu Wakenya wa Doha tunajuana, na hii ikinifuata mtaani kwangu Al Thumama sitatoka hata kwenda dukani.

Nilikuwa fundi wa maabara. Tulikuwa na kipande cha almasi kama punje ya mchele, na ndani yake tulichunguza chembe moja tu, kijisumaku cha elektroni, inayotoa mwanga mwekundu hafifu mno. Mwanga wenyewe mwingi hunaswa humo humo ndani. Kazi yetu ilikuwa kuutoa na kuukusanya.

Otim, Mganda niliyefanya naye kazi, alichonga kikuba kidogo juu ya almasi ili mwanga upate njia. Miezi minne ya kuchonga, jamani!

Alipokuwa likizo, nilipima almasi nyingine isiyo na kikuba. Mwanga ukapanda maradufu!

"Umefanya nini?" akauliza Dokta, bosi wetu, karibu anikumbatie.

"Nimerekebisha lenzi tu."

Wacha nisifiwe! Kikuba cha Otim kikaonekana hakina kazi, kikatupwa kabatini.

Kesho yake sikupika chai, mwanga ukashuka. Ndipo nikaelewa. Katika chumba kilichotakiwa kuwa giza tupu, nilikuwa nimeficha birika la stima nyuma ya pazia. Likichemsha, linawasha kijitaa chekundu. Mashine ilikuwa inahesabu birika langu!

Ningeweza kusema. Sikusema! Wiki tatu nikachemsha maji kila tulipopima. Nilikunywa chai hadi usingizi ukanihama.

Halafu wakaja wageni kutoka West Bay, kwenye maofisi makubwa ya jiji, wote kwa suti. Kipimo kikapanda, wakapiga makofi. Birika likajizima, tak! Kipimo kikaporomoka. Nikajipenyeza nyuma ya pazia, nikaongeza maji. Kikapanda tena.

Mgeni mmoja akauliza kwa upole, "Samahani, almasi yenu inachemka?"

Otim, aliyekuwa amesharudi kutoka likizo, akavuta pazia. Nilikuwa nimepiga magoti, jagi mkononi.

"Dada," akasema, "kikuba changu ulikiua kwa ajili ya hii?"

Dokta hakupiga kelele. Alichomoa waya wa birika tu. Nikahamishiwa stoo kugawa glavu. Kikuba kikarudishwa, na kikafanya kazi barabara. Otim, aliyekuwa akila kwangu kila Ijumaa, sasa haniiti dada tena, ananiita madam.

Ndugu yangu, ukisifiwa kwa jambo ambalo hujalifanya, sema hapo hapo! Aibu hiyo itaisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini mwenzio akishaanza kukuita madam, hata pilau haimrudishi. Nimempikia mara mbili.