Mama Mapovu Amwaga Bia ya Kwao

Mama Mapovu alizaliwa katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha bia cha familia, na harufu ya kimea kikikaangwa aliizoea kabla hajajua kutembea. Kiwanda alikianzisha babu yake. Baba yake alikirithi, akakijengea sifa kwa bia moja tu, ile nyeusi, nzito, yenye uchungu wa mbali, iliyoachwa itulie kwenye matangi ya chumba cha baridi mpaka iive yenyewe.

"Bia haiharakishwi," mzee alizoea kusema. "Nani aliwahi kumharakisha mjamzito?"

Mzee alipofariki, ofisi ya juu aliikalia kitinda mimba, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Suti. Dada yake, Mama Mapovu, akabaki chini kwenye matangi, na buti zake za mpira na ulimi wake. Ulimi alikuwa nao hasa. Aliyezembea kuosha tangi aliambiwa mbele ya wenzake kwamba siku aliyozaliwa mkunga alitupa mtoto akalea kondo.

Ndugu hawa wawili walichukiana waziwazi. Wakikutana kwenye ngazi, kila mmoja alitazama ukuta. Maneno yao yalipitia kwa fundi mitambo, mtu mpole aliyepanda na kushuka akisema, "Bosi anauliza kama shayiri imefika," kisha, "Dada anasema ushuke uangalie mwenyewe, macho unayo."

Asubuhi moja Mama Mapovu alikuta magunia matupu ya sukari kando ya matangi mawili ya bia nyeusi. Fundi aliinamisha kichwa.

"Bosi amesema isikae tena. Tutie sukari na rangi, itoke mapema."

Mama Mapovu alipanda ofisini na buti zake zilizolowa, akasimama juu ya zulia.

"Nani kakupa ruhusa ya kugusa bia ya baba?"

"Baba hayupo, dada. Wanywaji wa leo hawana subira."

"Kwa hiyo utawauzia maji ya rangi kwa jina lake?"

"Wewe unasema kama nani hapa? Uliachika, ukarudi na sanduku moja. Baba alikuhurumia. Mimi huruma imeniisha."

Mama Mapovu alishuka, akafungua koki ya chini ya tangi la kwanza, kisha la pili. Bia iliruka kwa kishindo. Povu likampanda mpaka magotini, likapita chini ya geti na kutapakaa barabarani, wapita njia wakavua viatu. Bosi Suti alikuja mbio, akateleza, akakaa chini na suti yake. Wafanyakazi wote walibana vicheko. Dada yake hakujisumbua kubana.

"Mtoeni! Asikanyage tena hapa!"

"Natoka kwa miguu yangu. Wewe inuka kwanza."

Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, akafungua baa iliyouza bia za kila kiwanda isipokuwa cha kwao. Mteja akiagiza ya pale mbele, aliambiwa, "Hapa hatuuzi maradhi." Kaka mtu akaanza kuegesha malori mbele ya mlango wake. Yeye akatoka na mchi, akavunja vioo vya lori moja mchana kweupe.

Wifi yake alitumwa kusuluhisha.

"Wifi, yaishe. Damu nzito kuliko maji."

"Damu sawa. Lakini bia ya mumeo imekuwa nyepesi kuliko hayo maji."

Mama yao alipofariki, walisimama pande mbili za kaburi. Bosi Suti, macho mekundu, alinyoosha mkono mbele ya watu wote. Dada aliutazama, kisha akaweka chepe ndani yake.

"Fukia," alimwambia.

Akafukia. Hawakusemezana tena.

Wanywaji waliikimbia ile bia ya sukari, na mwishowe kiwanda kikaanza kujaza soda. Habari hiyo alimletea fundi mitambo, akidhani atamfurahisha. Mama Mapovu alishukuru, akaenda nyuma ya makreti, akalia mpaka mabega yakatikisika. Mteja mmoja alinyoosha shingo kumchungulia.

"Unatazama nini?" alifoka, akifuta uso kwa kitambaa cha meza. "Maliza chupa yako uende!"