Kona ya Bibi

Asubuhi moja nilitoka Soweto, Mbeya, bila mpango, nikapata lifti ya lori la mbolea. Tulipoipita Tosamaganga, dereva alikata usukani ghafla, akasonya.

"Kona hii aliichora mlevi gani?"

Nikacheka. Aliichora bibi yangu, ambaye hakuwahi kuonja hata ulanzi.

Kwenye kona hiyo umesimama msalaba wa jiwe. Baba yake bibi aliuchonga ili wagonjwa waliokwenda hospitali kwa miguu wapate pa kupumzikia. Alasiri moja, nikiwa mtoto, lilikuja greda kupanua barabara, likinuka dizeli na udongo mbichi. Bibi aliketi chini ya msalaba na ungo wake, akaendelea kuchambua maharage.

"Bibi, sogea, tunaung'oa," alisema mwendesha greda.

"Mjukuu wangu, wewe una magurudumu. Mimi na msalaba huu hatuna. Nani azunguke?"

Vibarua wakaangua kicheko. Mimi nilidhani miguu inamuuma tu, nikakimbia nyumbani kumletea kigoda. Yule bwana alipokiona, akazima injini. Leo naelewa: alijua bibi amekuja kukaa. Greda likazunguka, na barabara inazunguka mpaka leo.

Jioni lori lilinishusha kwenye kijiji nisichokijua. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kwetu ni wapi.

"Tosamaganga, pale kwenye kona ya msalaba."

"Kumbe! Kwa yule bibi wa kigoda?"

"Ndiyo, mama," nikasema, nikitua begi langu. "Na kigoda nilikileta mimi."