Datius Aliyempita Mkwewe

Kila Jumapili, misa na ibada zikiisha, sisi vijana wenye baiskeli tulikutana mtaa wa Bakoba, Wakatoliki kwa Walutheri, mashati yamepigwa pasi. Hatukuwa na safari ya maana. Tuliuzunguka tu mji wa Bukoba: mitaa ya maduka yaliyofungwa, barabara za nyumba za Wazungu zenye miti mirefu, kisha ufukweni, ambako tulilaza baiskeli kwenye majani na kubishana hadi jua lipoe. Enzi hizo za Mwingereza, mtu mweusi akitembea peke yake bila shughuli chini ya ile miti alitiliwa shaka. Tukiwa kundi, kengele zinalia, hatukuulizwa kitu.

Sharti letu lilikuwa moja. Tukimkuta mzee njiani, wote tunashuka, tunasimama kando ya baiskeli na kumwamkia. Kwetu Wahaya, kumpita mzee ukiwa umekaa juu ya tandiko ni kumwambia kwamba si mtu.

Datius, fundi cherehani, alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Suruali aliyoshona yeye ilimkaa mtu hata kama hakuwa na makalio. Lakini barabarani hakukubali kutangulia kamwe. Aliganda nyuma ya shati la mwenzake. "Unaogopa nini, fundi? Simba?" tulimtania, naye akacheka.

Mwaka huo alimposa Klaudia, binti wa Mzee Karugendo wa Kanazi, akawa na furaha mpaka akatuchosha. Mutembei, mkubwa wa kundi, akaamua kwamba bwana arusi lazima atuongoze. Tukapiga makofi. Masikini, angekataaje?

Tuliingia Nshambya kwa mteremko. Mzee Karugendo alikuwa amekuja mjini siku hiyo, amesimama pembeni mwa njia karibu na migomba. Datius akampita karibu kabisa, nusura aiguse kanzu yake, akipiga kengele na kuimba. Sisi wa nyuma tukaruka chini.

"Wasibota, waitu," tulimwamkia.

Mzee hakuitikia. Alimtazama mkwewe mpaka akaishia konani. Wiki haikuisha, mshenga akaleta habari kwamba posa imesimama.

Nilikwenda dukani kumfokea Datius. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Sikumwona, Lameki. Mbele naona vizuri, hata tundu la sindano. Pembeni hakuna kitu, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Na penye giza ndiyo kabisa. Mjomba wangu wa Muleba alianza hivi hivi. Sasa anashikwa mkono kwenda chooni."

"Basi mwambie mzee ukweli!"

"Nimwambie? Akidhani ni kiburi, atanitoza faini, yataisha. Akijua ni macho, atachunguza ukoo wa mama. Nani atatoa binti yake akazae vipofu?"

Siku hiyo nilimkasirikia Mungu, nasema wazi, na sijaacha.

Tukaenda Kanazi na mbuzi na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Datius akapiga magoti mbele ya mzee, akajiita mpumbavu mwenye majivuno, akaomba radhi. Mzee Karugendo alifoka, akafoka tena, kisha kicheko kikamponyoka.

"Vijana wa baiskeli! Mnadhani mmepanda ndege!"

Nikashusha pumzi. Akamwita Klaudia alete kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni asiyepewa kahawa hajakaribishwa. Ndani ya msonge mna giza hata mchana. Klaudia akapiga magoti ubavuni mwa Datius, akamnyooshea kikapu kidogo. Datius alikuwa amemwelekea mzee, akitabasamu, akishukuru. Klaudia akangoja. Nikakohoa. Nikamsukuma kwa goti. Datius akashtuka, akanyoosha mkono, akapapasa hewani, upande usio na kikapu wala mtu.

Klaudia akaushika ule mkono, akauweka juu ya kahawa. Alikuwa analia bila sauti.

Mzee Karugendo aliutazama ule mkono. Hasira zote zilikuwa zimemtoka, nami nikatamani zirudi.

"Mama yako ni wa wapi, mwanangu?" aliuliza kwa upole.

"Wa Muleba, waitu."

"Ehee. Nimewahi kusikia habari za mtu wa huko." Akainamisha kichwa. "Faini hutozwa aliyenidharau. Wewe hukunidharau. Huna kosa lolote kwangu. Mrudi na mbuzi wenu."

Datius alimshukuru kwa adabu zote, akainuka, akaanza kuutafuta mlango.